Kihispania cha Kwenye Cherehani

Tangu goti langu lilipokataa kazi, mjukuu wangu ndiye anayekanyaga cherehani, mimi naongoza kitambaa. Tunabanana kwenye benchi, miguu yake, mikono yangu. Yeye ni muuguzi. Akitoka zamu hukanyaga huku akikariri Kihispania, maana kuna hospitali ya mbali itakayomwajiri akifaulu mtihani wa lugha hiyo.

Siku hizo alikuwa kwenye vitenzi vya ningefanya, ungefanya. "Hablaría, hablarías, hablaría," anasema, na sindano inakwenda naye. Mimi lugha yenyewe siijui, lakini sikio limezoea. Siku moja nilimsahihisha, akacheka mpaka akaachia kanyagio.

"Mke mwenzangu," alinitania, "mtihani ungefanya wewe."

"Ningefanya, ila wagonjwa wangekimbia."

Jumamosi mwalimu wake wa Kihispania alimpigia simu ya video kumtahini. Mimi nilikuwa pembeni nikitia vifungo. Alianza vizuri. Kisha akaulizwa kitenzi cha kuwa na kitu, akasema "tenería". Mwalimu akamrudisha taratibu, akasema vilevile. Cha kuweza akakosea, cha kuja akakosea. Mwalimu hakumkemea. Akamwambia apumzike, atampigia tena jioni, na hiyo itakuwa mara ya mwisho.

Niliweka shati chini.

"Asubuhi ulipokuwa unaoga uliyasema yote sawasawa. Tendría, podría, vendría. Nilikuwa hapo nje na taulo yangu nikisubiri."

Akatazama sakafu.

"Umekosea makusudi."

"Bibi, nani atakukanyagia?"

Alivyoliuliza, kwa sauti ndogo, nilitaka kumkumbatia na kumwambia abaki. Nikajikaza.

"Jirani wa ng'ambo ya barabara. Ana miguu mizima na hana mashine."

"Umeshamwambia?"

"Naenda kumwambia sasa."

"Yule anaongea mno."

"Basi sitakosa mtu wa kuongea naye."

Nilivuka barabara kwa fimbo, pole pole. Jirani hakuuliza maswali, na kwake hilo si jambo dogo. Alifunga jiko, akaniazima bega, tukarudi pamoja. Akakaa kwenye benchi, upande wa mjukuu wangu, akaanza kukanyaga kwa kushtuashtua. Uzi ukakatika. Mjukuu wangu akainuka, akautunga tena, akamwonyesha mahali pa kuweka kisigino.

Simu ikaita. Akaenda kuketi kwenye kiti cha dirishani.

"Tendría," alisema. "Tendrías, tendría, tendríamos." Hakusita. Akamaliza, akaenda kwenye kuweza, kisha kuja. Jirani alikuwa amesimamisha miguu, na mdomo pia.

Mwalimu akasema jina lake atalipeleka hospitali. Mjukuu wangu akashukuru, akazima simu, akabaki ameketi, viganja juu ya magoti, machozi yakimtiririka.

Sikumgeukia, maana angeniona na mimi nalia. Nilisogeza kitambaa, nikamwambia jirani akanyage taratibu, hapa kwenye kola pana kona.