Siku Kumi na Sita za Kumzika Mama

Ulikuwepo, na ulitazama kando. Usiniambie ulikuwa shifti. Nilikuona kwenye ukumbi wa kanisa pale Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, Machi 2014, meza ya tatu kutoka mlangoni, ukichokora mukimo kwa uma wa plastiki. Duncan Kirimi alisimama kutushukuru kwa kumsaidia kumzika mama yake, kisha akauliza, nusu mzaha, nusu kweli:

"Mshahara wangu wa kazi mpya umenenepa kidogo. Makato ya pensheni yamepungua. Kuna mtu anajua kwa nini?"

Watu themanini walisikia. Mmoja akapiga kelele, "Kula, bwana, usiulize!" na ukumbi mzima ukacheka. Wewe pia ulicheka. Wahasibu mlikuwepo, wenye digrii mbili mbili mlikuwepo. Aliyeacha kutafuna ni mimi, Zadock, dereva wa basi, niliyeishia darasa la nane na mengine nikajisomea kwenye maktaba ya kaunti nikisubiri zamu. Serikali haipunguzi makato kwa huruma. Ikikuachia shilingi, tazama imeshika nini mkono wa pili.

Duncan mnamjua. Mpelelezi wa jinai wa serikali kuu ya Marekani, Mmeru wa Nkubu, mtu mmoja tu kati yetu aliyebeba beji ile. Mlipenda kupiga naye picha. Miaka kumi na sita alivunja milango na kufukuza watu, mpaka alipoteleza kwenye ngazi zenye barafu kule Saint Paul na kuteguka uti wa mgongo. Wakamtia vyuma. Daktari wake wa Hopkins akamwambia wazi: kazi ya kuketi, miaka minne, mitano ukibahatika, halafu upumzike, la sivyo utapumzika kwenye kiti cha magurudumu.

Miaka minne ilikuwa inamtosha kabisa. Mpelelezi hastaafu kama wewe na mimi. Serikali inajua kazi ile inakula mwili, kwa hiyo inamkata nusu asilimia zaidi kila mshahara, na akishatimiza miaka hamsini ya umri na ishirini ya kazi, anaondoka na pensheni nono. Anaweza hata kuhamia kazi ya mezani, kufundisha au kusimamia wengine, na ile miaka ikaendelea kuhesabiwa. Sharti ni kwamba atoke uwanjani moja kwa moja mpaka mezani. Kati ya kazi na kazi pasiwe na pengo la zaidi ya siku tatu.

Siku tatu. Mmarekani humzika mama yake Jumamosi, Jumatatu yuko kazini na kikombe cha kahawa. Sisi tuna kamati. Tuna mwili unaomngoja kaka atoke Doha, tuna jioni za maombi, tuna wajomba wasiozungumza tangu uchaguzi uliopita ambao ni lazima wapatanishwe kabla kaburi halijachimbwa.

Duncan alikuwa amepata kazi ya kufundisha katika ofisi nyingine ya serikali, chini ya bosi aitwaye Margaret, mpelelezi mwenzake wa zamani. Mama akafariki wiki ile ile ya kuhama. Duncan alikuwa na saa zaidi ya mia tatu za likizo katika ofisi ya zamani. Angeweza kuzitumia, azike, ndipo ahame. Margaret akamwandikia barua pepe: "Jiuzulu huko Februari kumi na nne, nenda ukamzike mama yako, uanze kwangu Machi tatu. Familia kwanza." Duncan alilia kwa barua ile. Akaichapa, akaitia ndani ya Biblia.

Hesabu mwenyewe. Siku kumi na sita.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwao Woodbury, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana hadi mtu anaweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu. Nikaomba karatasi ya ajira mpya. Nikatazama kisanduku kinachotaja aina ya pensheni. Ya zamani iliandikwa afisa wa usalama. Mpya iliandikwa mfanyakazi wa kawaida, kama karani wa posta.

"Mbona umekunja uso kama umemeza ndimu?" Duncan akaniuliza.

"Nani aliyekufa, Duncan? Mama yako au pensheni yako?"

"Zadock!" mkewe Nkirote akaruka. "Hata miezi miwili haijaisha!"

"Samahani, Mama Kendi. Mmoja tumemzika. Wa pili bado anapumua, na ana miezi sita tu."

Nikawaeleza. Kwa karatasi hii, miaka yake ya mezani haihesabiki. Badala ya kutoka mwaka 2018 akiwa na hamsini na mmoja, atangoja sitini. Miaka tisa zaidi juu ya vyuma vile. Lakini sheria inampa mtu miezi sita tangu kuingia kazini aandike barua rasmi kupinga jinsi alivyowekwa. Barua, si maneno. Miezi sita ikipita, uamuzi wa ofisi unachukuliwa kuwa sahihi, na mzigo wote wa kuuvunja unakuwa kichwani mwako.

"Chama chenu cha wapelelezi hakikuwaambia?" nikauliza. "Unalipa ada kila mwaka."

Alinipeleka gereji. Rundo la majarida ya chama lilifika kiunoni, yote bado yamo kwenye plastiki. Nikaanza kuyapasua. La kumi na moja, ukurasa wa katikati, kulikuwa na makala nzima: kuhama kutoka uwanjani kwenda mezani, na hatari ya pengo la siku tatu. Kulikuwa pia na tangazo la semina ya kustaafu, bure kwa wanachama, hapa hapa Minneapolis. Duncan akaitazama tarehe.

"Siku hiyo tulikuwa na harambee ya kina Goretti," akasema.

"Basi andika barua. Ile barua pepe ya Margaret ndiyo ushahidi wako. Wao ndio waliokuambia ujiuzulu wakati ulikuwa na likizo."

Hapo uso wake ukabadilika.

"Nimshtaki Margaret? Yule mama alikuja matanga yangu, Zadock. Alileta bahasha. Alikula chakula chetu kwa mkono, mbele ya watu."

"Si mashtaka. Ni ombi."

"Ombi lenye jina lake ndani."

"Baba Kendi," Nkirote akasema polepole, "andika. Mimi ndiye ninayekuvalisha soksi asubuhi. Si Margaret."

Binti yao Kendi, aliyekuwa kwenye ngazi na simu yake, akajibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano, baba atume tu. Duncan akamwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Mambo ya wakubwa yakapelekwa kwa wakubwa. Cyrus, mzee wa kanisa, aliketi na Duncan baada ya ibada, nami nikajikaribisha.

"Mtu aliyekusaidia kwenye msiba huongea naye kwa mdomo, kwa heshima," Cyrus akasema. "Usije ukawa punda, fadhila zake mateke."

"Mzee, punda ndiye anayebeba mzigo," nikasema. "Ana haki ya kupiga teke moja."

"Wewe, wakili wa maktaba, ungepigana hata na kivuli chako."

Duncan akachagua mdomo. Akamwendea Margaret, akasimama mlangoni kwake, akamweleza kwa upole. Margaret akamwambia atawauliza watu wa ofisi ya ajira, asijali. Mei hiyo. Juni, asijali. Julai, bado wanaangalia.

"Basi andika kwamba amesema usijali," nikamwambia. "Weka tarehe."

"Zadock, wewe huna shukrani hata kwa pumzi."

Agosti ishirini na tisa nilimaliza zamu, nikaendesha hadi Woodbury na barua mkononi. Mistari kumi na moja. Nilikuwa nimeitunga kituoni, basi tupu, kamusi mapajani. Kilichobaki ni sahihi. Duncan akaisoma mara mbili. Alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, maana kuketi kulikuwa kumeanza kumshinda.

"Ni barua nzuri," akasema. "Nitaitia sahihi. Lakini Margaret yuko likizo mpaka tarehe nane. Kumpelekea mtu kitu kama hiki mgongoni si adabu. Akirudi nitampa mwenyewe, uso kwa uso."

"Mwisho ni tarehe tatu!"

"Siku tano, Zadock. Binadamu hawezi kukataa mtu kwa siku tano."

Nilimwomba. Nkirote alimwomba, akaweka kalamu mezani kwa kishindo. Nilifikiria kuighushi ile sahihi, na mpaka leo ninajilaumu kwa kutofanya hivyo. Septemba nane, Duncan alivaa tai, akampa Margaret barua kwa mikono miwili.

Jibu lilikuwa ukurasa mmoja. Muda umepita. Tukakata rufaa. Jaji alisikiliza kwa simu, mtu wa sauti tulivu, si mkatili. Akauliza swali moja ambalo nililingoja kama kofi.

"Bwana Kirimi, kabla ya Septemba tatu ulipinga kwa maandishi?"

"Nilimwambia, mheshimiwa. Mara tatu."

"Nimeuliza kwa maandishi."

Nilisikia Duncan akivuta pumzi. "Hapana, mheshimiwa."

Margaret aliitwa athibitishe mazungumzo yale. Alisema anakumbuka waliongea kuhusu msiba. Kuhusu pensheni, hakumbuki vizuri. Sikuwahi kuahidi kwamba barua ya mapema ingeshinda. Pengo lilikuwepo, na sheria ni sheria. Lakini kulikuwa na saa mia tatu za likizo, kulikuwa na barua pepe, na ofisi mbili ambazo zingelazimika kueleza ni nani aliyemtuma mfiwa ajiuzulu. Tungepigana. Tulinyimwa hata uwanja wa kushindwia.

Juni 2018, mwaka ambao Duncan alipaswa kutoka, aliyetoka ni Margaret. Alitimiza hamsini akaondoka wiki hiyo hiyo. Nkirote ndiye aliyempeleka Duncan kwenye sherehe, kwa sababu hawezi tena kuendesha gari mwendo mrefu. Aliniambia kulikuwa na keki, na kwamba Margaret, katika hotuba, aliishukuru semina ya chama ya kupanga kustaafu. Alikuwa ameihudhuria mara tatu. Duncan alisimama na fimbo yake, akasema maneno mazuri kuhusu bosi aliyeweka familia mbele. Nkirote akamfuata yule mama kwenye meza ya vinywaji.

"Ulijua habari ya siku tatu?"

"Kila mtu anapaswa kusoma mambo yake mwenyewe," Margaret akamjibu, akamshika bega.

Duncan bado anafanya kazi. Analala chini ya dawati saa ya chakula, mlango umefungwa, dakika ishirini, ili amalize mchana. Imebaki miaka minane na kitu. Nkirote anazihesabu soksi, mimi nahesabu ninyi mliokuwa ukumbini.

Nesi, mlinzi wa gereza, mpiga muhuri uwanja wa ndege, dereva, mpelelezi: nina swali kwako na sitaki jibu la mdomo. Karatasi yako ya ajira iko wapi? Aina ya pensheni iliyoandikwa humo, unaijua? Kazi uliyohamia mwezi uliopita, mlango wake unafungwa tarehe ngapi? Hujui. Basi usimpigie Cyrus. Usingoje bosi arudi kutoka likizo. Inuka sasa hivi, toa karatasi kwenye lile sanduku chini ya kitanda, soma kila kisanduku, na lisipokaa sawa neno moja, andika. Tarehe juu, jina chini, nakala kwako, muhuri wa kupokelewa. Ipelekwe leo, kabla ofisi haijafungwa.