Notisi ya Siku Saba

Kiwandani kwetu tunatengeneza viberiti. Mimi ni fundi wa mashine ya kukata njiti, na kwa miaka sita nilikuwa pia katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa kuwa nilipenda kusoma jinsi waajiri, wafanyakazi na serikali wanavyoishi pamoja katika nchi mbalimbali, wenzangu waliniita Profesa. Wengine walilitamka kwa heshima. Fundi boila, anayetunza mtambo wa mvuke, alilitamka kama mtu anayemwita mbuzi wake.

Shule niliishia darasa la saba. Niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu vya kuazima maktaba, nikayaandika kwenye daftari kubwa, safu tatu kwa nchi tatu. Katika nchi moja, mwajiri habadilishi hata zamu bila kukaa na baraza la wafanyakazi. Katika nyingine, jirani yetu, pande mbili huachiwa zivutane zenyewe, serikali ikitazama. Kwetu serikali hukaa katikati: mgomo una masharti yake, na asiyeyafuata hana wa kumtetea. Sikuwa nikitafuta nchi iliyo bora. Nilitaka kujua kwa nini watu wenye njaa ile ile hugombana kwa namna tofauti.

Mwaka huo feni za chumba cha kuchovya ziliharibika. Humo ndimo vichwa vya njiti huchovywa kwenye dawa, na mvuke wake hukaba koo. Watu arobaini na mmoja walifanya kazi humo, karibu wote wanawake, akiwemo shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi. Kwa sauti yake, watu walimwita Kengele. Tuliandika barua nne katika miezi mitano, hakuna iliyojibiwa. Watu wa chumba kile wakapiga kura ya kugoma, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kiwandani, nami nikaandika notisi: siku saba, Jumatatu hadi Jumatatu.

Afisa utumishi aliisoma mara moja, akaigonga muhuri. "Haya, Profesa. Karibu sana."

Nilishangaa kidogo. Mtu yule hubishana hata kuhusu sabuni ya chooni.

Ijumaa jioni nilikuwa mezani nyumbani nikitayarisha maelezo ya mkutano wa kesho yake. Nilitaka wanachama wajue notisi ya mgomo ilivyo katika nchi nyingine, nikafungua daftari. Lilikuwa nakala mpya, kwa sababu la kwanza lilimwagikiwa chai. Katika lile la zamani nchi yetu ilikuwa safu ya kwanza. Katika jipya jirani alikuwa wa kwanza na yetu niliiweka mwisho, ili nipate nafasi ya kuongeza maelezo pembeni. Siku ya kuandika notisi, jicho langu lilikwenda pale lilipozoea.

Siku saba zilikuwa za jirani. Zetu zilikuwa kumi na nne.

Nikaweka rula chini ya mstari, nikausoma mara tatu. Kwetu, anayegoma kabla notisi haijaisha amejifukuza kazi mwenyewe. Ndipo nikaelewa ule ukarimu wa afisa utumishi. Alikuwa amenyamaza akisubiri Jumatatu.

"Mbona chai imepoa?" mke wangu akauliza.

"Nimekosea."

"Kosa la kurekebishika?"

"Mpaka Jumatatu asubuhi, ndiyo."

"Basi unakaa hapa unangoja nini? Nenda kwa dada."

Kengele nilimkuta anapiga pasi sare za wanawe.

"Shemeji, kuna jambo."

"Uso huo si wa jambo, ni wa msiba. Kaa."

Nilimweleza. Akasimamisha pasi, akakohoa kwa muda, akashika ubavu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wako. Na afisa utumishi, nadhani."

"Sasa sikiliza. Kesho tunasema serikali imetuomba tusogeze siku. Wewe unabaki na heshima yako, sisi tunabaki na kazi zetu. Nani atauliza?"

Nilikaribia kukubali.

"Fundi boila ana binamu ofisi ya kazi," nikasema.

"Fundi boila ana binamu kila mahali."

"Shemeji, wakija kujua tumewadanganya kabla ya mgomo, siku ya kumi na nne hakuna atakayetoka."

Akachukua shati jingine. "Watakuondoa."

"Najua."

"Na mimi nitanyoosha mkono uondolewe. Usije ukaninunia mbele ya mdogo wangu."

Jumamosi, baada ya zamu ya nusu siku, tulikutana kwenye chumba cha kulia. Nilisimama, nikaeleza kosa, lilivyotokea na yale ambayo yangefuata.  Kisha fundi boila akapiga meza.

"Kumbe tulikuwa tunagoma kwa sheria za jirani! Basi na jirani aje agome badala yetu!"

Chumba kikacheka. Mwanamke mmoja wa chumba cha kuchovya, mjane, hakucheka.

"Profesa, nina watoto wanne. Jumatatu ningetoka nje naimba, mkono juu."

"Najua, mama."

"Hujui. Wewe ungekuwa kwenye mashine yako ya njiti."

Ilikuwa kweli. Mgomo ulikuwa wa chumba chao, na jina langu halikuwemo. 

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema fundi boila, safari hii bila kucheka. "Lakini koleo libadilishwe."

Wakapiga kura. Notisi ya kwanza ikafutwa, ikaamuliwa iandikwe nyingine ya siku kumi na nne. Mimi nikaondolewa, na ukatibu akapewa yule mjane. Kengele alinyoosha mkono kama alivyoahidi.

Jumatatu asubuhi afisa utumishi alikuwa getini na walinzi wawili, na sanduku la bahasha miguuni, zimepangwa kwa majina. Wafanyakazi wakapanga foleni ya kugonga kadi. Kengele akapindisha shingo asome jina kwenye bahasha ya juu.

"Bosi, huyu si wa chumba chetu? Mbona yuko nyuma yangu hapa? Msalimie."

"Nilielezwa leo mnagoma."

"Na nani?"

"Na barua yenu."

"Hiyo tumeifuta, bosi. Katibu, mpe nyingine."

Mjane akamkabidhi. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akairudia kuanzia tarehe. Alibishana kuhusu saini, kisha kuhusu saa ya kuipokea. Mwisho akaigonga muhuri juu ya paja lake, akamwagiza mlinzi arudishe sanduku ofisini.

Wote arobaini na mmoja wakagonga kadi, wakajifunga vitambaa puani, wakaingia chumba cha kuchovya. Nami nikaenda kwenye mashine yangu. Ilipofika saa tatu nilianza kusikia kikohozi chao kupitia ukutani, juu ya mlio wa visu. Kama ningeandika sawasawa tangu mwanzo, wangebakiza wiki moja. Sasa walibakiza mbili. Wiki hiyo ya ziada niliiweka mimi vifuani mwao, na hakuna kura iliyoweza kuifuta.