Mahudhurio ya Akina Namchopa

"Andika Namchopa, au nipe hiyo kalamu niandike mwenyewe," Veridiana alisema.

"Mama Flora, nimekwambia mara tatu," alijibu Godwin, mtendaji wa kijiji. "Shamba linaandikwa kwa ukoo wa baba. Marehemu mumeo alikuwa Chitanda. Shemeji yako Sultani ni Chitanda. Basi."

"Mikorosho ile aliipanda bibi yangu mzaa mama, wa ukoo wa Namchopa. Marehemu alikuja kwetu na begi moja, tena zipu mbovu."

Sultani alicheka. "Namchopa ni jina la mwanamke. Ukoo gani huo? Tuonyeshe watu wake."

Godwin aliona hilo ni la haki. Akafungua daftari la mahudhurio, akaita, "Namchopa!"

Agatha, muuguzi aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Ndanda, alisimama. Mzee Anselmo alisimama kwa fimbo. Jumla wakawa watu kumi na wanne. Mteremko wa Namchopa, nyuma ya ofisi, ulikuwa umesimama tayari. Kisima cha Namchopa kilichelewa, kwa kuwa kiko bondeni na kupanda ni saa nzima. Watu walisubiri. Kiliingia kikichuruzika, kikakaa benchi la nyuma, na wanawake wawili wakasogea kidogo kukipa nafasi.

"Shikamoo," Agatha alikiamkia, maana kilimzidi umri.

"Kitambulisho cha taifa?" Godwin alikiuliza.

Kisima hakikuwa nacho. Mteremko nao haukuwa nacho. Godwin akakata majina ya vyote viwili kwa mstari wa rula, na wale kumi na wanne akawaandika wageni waalikwa. Kisha akajaza jina la Sultani Chitanda, akagonga muhuri.

Veridiana aliisoma karatasi yote, mpaka chini.

"Umekosea tarehe. Leo ni kumi na mbili."

Godwin akasahihisha tarehe, akagonga muhuri tena.

"Haya," Veridiana alisema, "akina Namchopa, tunakwenda kupalilia. Sasa hivi, kabla jua halijawa kali."

Wakaondoka wote. Kisima kilitangulia, kikatua kati ya mstari wa tatu na wa nne wa mikorosho. Sultani aliwafuata na hati yake ndani ya nailoni, akasimama pembeni.

"Shemeji, hili ni shamba langu."

"Tumesikia. Ukitaka maji, foleni inaanzia kule."

Veridiana alikaza kanga kiunoni, akapiga jembe.