Mdoli wa Suti ya Bluu

Jumamosi asubuhi Severa alipitia Kariakoo kuchukua suti ya mwanawe Allan kwenye duka la mdogo wake, Rogath. Barazani ilisimama midoli mitatu ya kuvalishia nguo, na ule wa katikati, uliovaa suti ya bluu, ulikuwa na jicho la kushoto lililovimba mpaka limefumba. Uwesu, muuza mikanda wa jirani, alikuwa akiukanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Uwesu. Huu umefanyaje?"

"Tumeukuta hivi leo. Wiki iliyopita zilikuwa mbavu. Afadhali jicho. Mbavu zikivimba koti halifungi vifungo, wateja wanadhani fundi kakosea."

Severa aliingia ndani. Rogath alikuwa akikunja suruali. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, usoni hana hata mkwaruzo. Alimsogezea dada yake kiti, kisha akasema, bila kuacha kukunja, kwamba lile jicho ni lake. Jacqueline, mkewe, humpiga. Alama haziji kwake, zinakwenda kwa mdoli. Imekuwa hivyo tangu mvua za vuli.

Severa alicheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilimponyoka kama chafya. "Jackie?" alisema. "Wifi yangu mwembamba vile, akupige wewe?"

Rogath alichukua suruali nyingine. "Hata polisi kituoni walicheka," alisema.

Maneno hayo Severa aliyajua. Aliyasikia karibu kila wiki kwa wanawake waliopanda ngazi za ghorofa moja Mchafukoge, ambako yeye na rafiki yake Vidya, mwanasheria, waliendesha nyumba ya kuwapokea wanaopigwa na waume zao. Hakuwahi kuwa yeye aliyecheka.

"Sasa kwa nini humzuii?" aliuliza, na swali hilo nalo lilipomtoka alilitambua. Ndilo walilowakataza ndugu wa wale wanawake wasithubutu kuliuliza.

"Siku moja nilimshika mikono," Rogath alisema. "Akaniambia taratibu tu, nikipiga kelele majirani watakuja, na wakija watakuta mwanamume kamkamata mkewe. Nikamwachia."

Nje Uwesu alikuwa akibishana na mteja bei ya mkanda.

"Sihitaji pa kulala, dada. Wala sitaki afungwe, ni mama wa watoto wangu. Nataka kile kikao chenu. Niseme mpaka nimalize, na yeye akae anisikilize."

Kikao kilikuwa kazi kubwa ya ile nyumba. Aliyepigwa aliongea bila kukatizwa, aliyempiga alikaa kimya kwenye kiti kilichowekwa mbele yake, na wote waliokuwamo chumbani walikuwa mashahidi. Wanaume wazito walishatoka mle wakijifuta uso. Na hakuna aliyejua kukiendesha kama Jacqueline. Ndiye aliyeweza kumfanya mwanamke aliyenyamaza miezi aongee, kwa kumshika tu mkono na kumngoja.

Severa alimwahidi mdogo wake kuwa atalishughulikia. Aliondoka na suti ya Allan begani na mdoli kwapani, Vidya akauone mwenyewe. Dereva wa bajaji aliuliza kama mgonjwa atakaa nyuma, akaendesha polepole kwenye mashimo.

Vidya aliukagua mdoli chini ya taa ya ofisini. Aligusa jicho, akafungua koti akatazama mbavu, zilizokuwa zimegeuka rangi ya zambarau.

"Namwamini Rogath," alisema. "Shida siyo hiyo. Dada Severa, kila mwanamume aliyepita hapa alisema ni yeye anayepigwa. Kila mmoja. Tukimkalisha Jackie kwenye kile kiti, jioni Kariakoo nzima inajua, na kesho kila mume ana la kujibu. Nani atapanda tena ngazi zetu?"

"Kwa hiyo Rogath aende wapi?"

"Sijui. Lakini tuna vitanda vichache, na wanawake wawili wamelala kwenye mikeka huko nyuma. Hii nyumba hatukuijenga kwa ajili ya wanaume."

"Hatukuijenga ili watu wapigwe kimyakimya pia."

Vidya alivua miwani. Akasema wasubiri kidogo kwanza, na Severa aliona aibu kwa nafuu aliyoipata. Wakakubaliana hivyo. Mdoli wakausimamisha ukumbini, karibu na dirisha.

Wanawake wa nyumba ile waliupokea vizuri. Euphrasia, aliyekaa mlangoni, aliupaka dawa ya uvimbe. Mwingine aliulegezea tai. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi, kwa sababu mle ndani haikuwa desturi kumuuliza mgeni mpaka aseme mwenyewe.

Alhamisi Jacqueline alikuja kuendesha kikao. Aliwakumbatia wote, akamuuliza Severa kuhusu harusi anayokwenda kusimamia Allan, akawagawia sambusa alizokaanga alfajiri. Kisha akauona mdoli. Alisogea mbele yake. Suti ile ya bluu alikuwa ameichagua yeye. Alinyoosha kidole, akaupangusa mdoli vumbi begani, na kola akaikalisha vizuri.

"Maskini," alisema. "Nani kampiga?"

Vidya aliangalia simu yake iliyozimwa. Wanawake walimgeukia Severa, maana ndiye aliyeuleta. Severa alimtazama wifi yake machoni, akaona kwamba swali lile si la kejeli. Jacqueline alikuwa anaogopa. Alikuwa anangoja ajibiwe, na pengine, kama angejibiwa, angekaa mwenyewe kwenye kile kiti cha aliyepiga.

"Hajasema bado," Severa alijibu.

Jacqueline alishusha pumzi. Akavuta kiti cha mwendeshaji, akamshika mkono mwanamke aliyeletwa siku ile, akamwambia asiwe na haraka. Kilikuwa kikao kizuri. Wengi walilia.

Rogath alipiga simu siku iliyofuata kuulizia. Severa alimwambia bado wanatafuta nafasi. Alipiga tena, akajibiwa hivyohivyo, kisha akaacha kupiga. Mdoli ulibaki ukumbini. Ukapasuka mdomo, ukapona, ukateguka bega la kulia. Wanawake walizoea kuutibu, na Jacqueline akija huleta pamba.

Mwezi wa sita mbavu zilivimba vibaya, shati likaachia mshono. Uwesu alikuwa amepita kuuza mikanda mtaa ule, akauona dirishani, na bila shaka ndiye aliyepeleka habari dukani, kwa kuwa mchana mmoja Severa, akiwa mezani kwake nyuma ya pazia, alimsikia mdogo wake mlangoni.

"Nimeleta shati kubwa kidogo," Rogath alikuwa akisema. "Naweza kumvalisha mwenyewe, dakika moja tu."

"Samahani, kaka," Euphrasia alisema kwa upole. "Hapa wanaume hawaingii, ila kwa kikao. Nipe, tutamvalisha."

"Mkono wa kulia muanze nao taratibu. Unauma."

"Tutaanza nao."

"Dada yangu yupo?"

Euphrasia aligeuka akatazama pazia. Kwenye upenyo wake Severa alitikisa kichwa.

"Katoka," Euphrasia alisema.

Rogath alishukuru. Severa alikaa bila kugusa kitu mpaka hatua zake zikaisha kwenye ngazi, kisha akaenda ukumbini akasaidia kuvalisha, wakianza na mkono wa kulia.