Viatu vya Mama Mkwe Mlangoni

Munyoki alikuwa baba wa siku ishirini na tatu, na bado hakuwa amemshika mtoto wake.

Usidhani alikuwa mbali. Alilala ploti ya pili, pale pale mtaa wa Kaloleni, Voi, chumbani kwa rafiki yake Silvanus, mlinzi wa reli. Upepo ukivuma upande ule alimsikia mtoto akilia, akamjua kwa sauti katikati ya watoto wote wa mtaa. Wala hakuwa amekosana na mkewe Kavinya. Kilichomzuia ni kwamba nyumbani kwake alikuwako mama mkwe.

Nyumba yenyewe chumba kimoja, pazia katikati, huku kitanda, huku jiko na masufuria. Na kwa Wakamba, mume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hupinda, akajifanya kuna kitu anatafuta vichakani. Hiyo ndiyo nthoni. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo haina siku ya kupumzika. Siku hizi wako vijana wanaosema hayo yamepitwa, wanakula na mama mkwe meza moja wakicheka. Munyoki hakulelewa hivyo. Mama yake, marehemu Mumbe, alimlea peke yake kwa maneno mengi, na mengi ya maneno hayo yalihusu jinsi mtu anavyopita mbele ya wakubwa.

Mumbe angekuwa hai, angekuja yeye kumwogesha mjukuu, na Munyoki angelala kwake bila taabu. Lakini ulikuwa mwaka wa tatu tangu azikwe. Basi Kavinya alipojifungua, aliyepanda gari kutoka Mtito na mfuko wa unga wa wimbi na chupa ya samli ni Syokau, mama yake Kavinya. Hospitali alifika kabla ya Munyoki. Munyoki alipochungulia wodini aliona mgongo wa mama mkwe kando ya kitanda, akarudi kinyumenyume, akazunguka nje mpaka dirishani. Kavinya akamwinulia mtoto. Aliona blanketi na kipande cha paji la uso. Msichana. Jina halikuulizwa, kwa maana msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mumbe.

Kipande kile cha paji la uso ndicho alichotembea nacho siku zote hizo.

Alikuwa fundi wa kujenga, wa mawe na saruji. Mchana kutwa mikono yake ilijua la kufanya. Jioni ndipo ilipokuwa mizito, imening'inia tu, kama mikono ya mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa. Siku ya nne hakuvumilia. Akamfuata Khalayi, jirani yao wa mlango wa pili, mama mnene mcheshi kutoka Bungoma.

"Mama Christabel, nepi za mtoto nani anafua?"

"Mama mkwe wako anataka kufua, nami namkatalia. Mgeni hafui. Nafua mimi."

"Niachie mimi."

Khalayi alimtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye saruji. "Wewe?"

"Wewe toa ndoo tu, uiweke pale mferejini. Nikitoka kazini nafua, naanika, naenda. Na usimwambie mtu."

"Mimi nisimwambie mtu, na mfereji uko katikati ya ploti, wapangaji kumi na wawili wanateka maji?"

"Usiwaambie wa ndani."

Hivyo ndivyo ikawa. Kila jioni Munyoki aliinama juu ya beseni na sabuni ya kipande, akasugua, akasuuza mara tatu, akakamua taratibu kana kwamba kitambaa chenyewe kingeumia. Wanawake walimwita Baba Nepi. Mmoja alimuuliza kama anapokea na za wengine. Aliwaacha waseme. Kabla hajatia nepi majini, akiona hakuna anayemtazama, aliileta karibu na pua. Si zile chafu sana, hapana, ila zile zilizolowa tu. Zilikuwa na harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha na mafuta ya mtoto, na nyuma yake kitu kingine ambacho hakukijulia jina. Alimjua mtoto wake kwa harufu hiyo na kwa kilio. Mengine yote aliyakisia.

Baada ya kuanika alisimama penye kona ya bafu akatazama mlango wa nyumba yake. Kila siku aliona kitu kilekile: viatu vya mama mkwe, vyeusi vya plastiki, vimepangwa pamoja kizingitini, ncha zake zimeelekea ndani. Akageuka akaenda zake.

Mchana alimpigia mkewe simu.

"Mnaendeleaje?"

"Tuko."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Na wewe?"

"Mimi niko tu."

Mwanzoni Kavinya hakuwa hivyo. Wiki ya kwanza aliongea mpaka salio likaisha, akieleza kitovu kimekatika lini na mtoto alipiga chafya mara ngapi. Sasa maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Munyoki akajiambia kwamba bila shaka mama yake amekaa karibu, na mtu ataongeaje na mume mbele ya mama. Akafupisha naye, asimtie mkewe aibuni.

Ijumaa ya wiki ya tatu mkandarasi alimwita. Kuna tangi la maji la kujengwa Mwanda, juu milimani. Miezi miwili, kulala huko huko. Hakuna kushuka Jumapili, kwa sababu tangi linatakiwa liwe tayari kabla mvua haijaanza. Gari Jumatatu alfajiri. Kazi hiyo hakuweza kuikataa. Mtoto ameshakuja, na nyumba yenye mtoto haiulizi kama fundi ana huzuni.

"Miezi miwili," Silvanus alimwambia usiku huo, akivaa koti la lindo. "Ukirudi atakuwa anacheka na watu. Atakuona, atasema huyu mwenye kidevu cha mbuzi ni nani."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Wewe ni baba wa simu, Munyoki. Hata sisi kwetu mama mkwe ni mama mkwe, lakini tungekuwa tumeshapata upenyo."

"Upenyo gani kwenye chumba cha mlango mmoja?"

Silvanus alifunga vifungo vya koti. Akachukua tochi akaenda.

Munyoki akalala chali. Alijaribu kufikiri mtoto wa miezi mitatu ana uzito gani, akashindwa, maana hata huu wa sasa hakuujua. Jiwe la kujengea aliweza kulikadiria kwa macho. Mtoto wake, hapana. Jambo lililomnyima usingizi ni jina. Mumbe, mama yake, alifariki yeye akiwa kazini Taveta, akafika kumekucha mambo yameisha, hakumshika mkono. Sasa Mumbe amekuja tena, na tena yeye anaondoka bila kumshika.

Jumapili jioni alienda mferejini kwa mara ya mwisho. Nepi zilikuwa tisa. Alizifua polepole mno, na kila alipoinua kichwa aliviona viatu pale kizingitini. Akajisemea kama vitaondoka hata kwa dakika tano, ataingia na matope yake hivyo hivyo. Vikakaa.

Mara akasikia Khalayi nyuma yake anaongea na mtu, sauti ya mwanamke mzima, ya chini. Hakugeuka. Kisha Khalayi akaja mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba Mumbe, nina swali nimetumwa. Hivi mtoto ni wako au si wako?"

Munyoki aliacha nepi ikazama. "Swali gani hilo?"

"Si langu, nimekwambia nimetumwa. Mwenye kuuliza anasema amekaa kwa Kasyoka ploti ya nyuma jioni zote hizi, tangu saa kumi na moja mpaka giza, anachambua pojo ambazo hata si zake. Kigoda cha Kasyoka kimemtoa sugu. Anakaa huko ili wewe uingie umwone mtoto wako. Na wewe huingii. Leo amekuja kunishukuru kwa nepi, nikamwambia, usinishukuru mimi, shukuru yule aliyeinama pale."

"Mama yuko ndani," Munyoki alisema.

"Ndani wapi?"

"Viatu vyake si hivyo?"

Khalayi alivitazama viatu. Akamtazama Munyoki. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka ikabidi aketi ukingoni mwa mfereji.

"Baba Mumbe. Joto hili la Voi limemvimbisha miguu yule mama, viatu haviingii tangu wiki aliyofika. Anatembea na ndala za Kavinya."

Munyoki aligeuka kabla hajakumbuka kwamba hapaswi kugeuka. Kwenye ukuta wa bafu, hatua kumi kutoka kwake, mama mzee alikuwa amempa mgongo, leso imefunika kichwa na mabega. Chini, visigino vyake vilivyopasuka vilikuwa ndani ya ndala za buluu. Munyoki alizinunua mwenyewe sokoni Voi, Pasaka.

Aliosha mikono mpaka kwenye viwiko. Akaosha tena.

Kavinya alikuwa ameketi kitandani, mtoto pajani. Hakuinuka.

"Umekuja kuaga," alisema.

"Nimekuja."

"Mama anatoka kila jioni. Ploti nzima inamwona. Nami nakaa nikiangalia mlango huo, najiambia leo. Nikuite? Nikuite kama mgeni, uje umwone mtoto wako?"

"Niliona viatu."

"Viatu gani?"

Akamwonyesha kwa kidole. Kavinya alivitazama viatu vile vyeusi. Halafu akasema, "Mungu wangu, Munyoki," si kwa hasira, na akaanza kulia na kucheka pamoja, akijifuta kwa nguo ya mtoto. "Nilidhani ni kwa sababu ni msichana."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Mtu akikaa ndani siku ishirini na tatu anajiambia mengi."

"Ningetaka nani mwingine, na jina ni la mama yangu?"

Kavinya akamsogezea mtoto. Munyoki akanyoosha mikono, akairudisha, akaifuta kwenye suruali, akainyoosha tena. Viganja vyake vilikuwa na magamba ya saruji ambayo sabuni haijawahi kuyashinda, aliogopa yasimkwaruze. Akampokea kwa mikono iliyonyooka, mbali na kifua. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyokisia na wa moto kuliko alivyokisia. Alifungua jicho moja, akakunja uso, akaanza kulia, kilio kile kile alichokijua kupitia kuta mbili.

"Mwaitu," Munyoki alimnong'oneza, yaani mama yangu. "Mwaitu, ni mimi."

Mtoto akazidi. Munyoki akamtazama Kavinya, tayari kumrudisha.

Hapo ndipo sauti ikatoka nje ya mlango. Syokau alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kwao, uso kwenye ua. Miaka miwili ya ndoa na hakuwa amewahi kumwambia mkwewe hata neno moja. Sasa pia hakumwambia yeye.

"Mumbe," alisema, "mwambie baba yako hicho ni kilio cha mtoto aliyebebwa kama jiwe. Mwambie akuweke begani, tumbo kwa kifua. Na mkono mmoja shingoni."

Kavinya aliziba mdomo kwa kiganja. Munyoki alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Kisha akamgeuza mtoto polepole, akamweka begani, mkono shingoni. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Kichwa kidogo kikatua kwenye shingo yake, chini ya sikio, na ile harufu ikawa hapo, sasa ikiwa na mwenyewe.

Munyoki akageuza uso ukutani, asiangalie mlangoni.

"Mumbe," alisema, "mwambie susu, nyanya yako, nimesikia."

"Mumbe, mwambie baba yako vizuri."

Nje watu waliwasha taa. Mtu alikaanga vitunguu. Mbu walianza, na Munyoki alimsikia mama mkwe akijipiga mguu, akitulia, akijipiga tena. Alijua inampasa atoke, mkubwa aingie. Jua lilikuwa limeshazama zamani nyuma ya milima, huko anakokwenda. Kila alipojiambia sasa, mtoto alipumua, na pumzi ile ikamgonga shingoni.

"Mumbe," alisema mwishowe, "mwambie susu mbu watamwua huko nje."

"Mumbe, mwambie baba yako mbu hawajaanza leo. Mimi sina haraka."

Kavinya alisogea kitandani, Munyoki akaketi kando yake taratibu, asimwamshe mtoto. Mkono wake mmoja ulikuwa shingoni mwa Mumbe na mwingine mgongoni, na mgongo mzima ulitosha kiganjani.

"Mumbe," sauti ya mlangoni ikaja tena, chini zaidi, "mwambie baba yako gari ni saa kumi na moja alfajiri."

"Mumbe, mwambie susu najua."

Na hakuna aliyeinuka.