Mapacha wa Mkia wa Nge

Sikuwa na darubini. Sikuwa na diploma, ila cheti kimoja cha shule ya jioni nilichokipata Kigoma tulipokuwa wakimbizi, nikiranda mbao mchana na kukokotoa hesabu baada ya kazi. Sikuwa na Kifaransa cha kuwajibu wenye Kifaransa. Sikuwa na simu ya kupiga picha, wala meno ya nyuma, wala mtu hata mmoja hapa Rumonge wa kuzungumza naye habari za nyota bila kuniuliza kama zinaliwa. Macho nilikuwa nayo. Nilikuwa pia na pacha wangu, lakini huyo sikuwa nimemhesabu katika mali.

Kwetu majina ya mapacha hayatafutwi: wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Mimi ndiye Butoyi. Bukuru anauza mawese sokoni, ni mnene, na kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa mama kuvuta pumzi tu, amenifanya mdogo wake kwa zaidi ya miaka sabini.

Mwezi wa saba Marcelina alikuja likizo. Ni binti wa mvuvi wa Magara, na sasa anafundisha elimu ya nyota Ulaya. Alizungumza na watu katika ukumbi wa parokia, nami nikakaa benchi la mbele. Alisema kwamba chini kidogo ya mkia wa Nge, lile kundi la nyota, kuna nyota ambayo kwa macho ni moja, kumbe ni mbili: majitu mawili yaliyozaliwa pamoja na kuzungukana tangu hapo. Lile zito limezeeka upesi, likavimba. Kila baada ya miaka kadhaa lile dogo hupita nyuma ya kubwa, na mwanga wa nyota nzima hupungua.

"Tukijua ni jioni gani linaanza kujificha," alisema, "tutajua upana wa lile linaloficha. Vitabu vyetu vinasema nyota yenye uzito ule na umri ule lazima iwe na unene fulani. Tunataka kuona kama vitabu vinasema kweli."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini wasitumie mashine zao. Marcelina alijibu kwamba mashine kubwa zimeundwa kwa ajili ya nyota hafifu, na nyota kali kama hii huzipofusha. Macho ya watu yanatosha, mradi watazame wawili wawili, na kila mmoja atoe namba yake bila kusikia ya mwenzake. Majina yao yatachapishwa pamoja na hesabu.

Jina langu halijawahi kuchapishwa mahali popote. Mkutano ulipokwisha nilimfuata nje.

"Mwanangu, vitabu vinasema itafifia lini?"

"Mzee, hilo sisemi. Ukiijua siku, macho yako nayo yataijua."

"Macho yangu si ya mtoto."

Alicheka. Mimi ni rika la baba yake, na kuninyima kulimshinda. "Jumatano ijayo," alisema. "Lakini mwenzako usimwambie."

Mwenzangu alikuwa Bukuru, kwa kuwa wengine wote walikataa. Naye alikubali kwa sharti kwamba kiti chake nitakibeba mimi.

Kila jioni, kabla ya chakula, tulikaa nyuma ya nyumba yake tukiligeuzia ziwa mgongo, ili taa za wavuvi zisituharibie macho. Kila mmoja alikuwa na kopo na kokwa za michikichi. Nyota yetu ikilingana na nyota jirani iliyo kali, unatia kokwa kumi. Ikilingana na ile jirani hafifu, huweki hata moja. Ikiwa katikati, tano. Tukimaliza ndipo tunafunua makopo na mimi ninaandika. Jumanne sote tulikuwa na saba.

Jumatano mimi nilitia nne. Bukuru alitia saba.

"Zingine umekula?" aliniuliza akichungulia kopo langu.

"Macho yako yamejaa mawese."

"Na yako yamejaa vitabu. Nyota iko vilevile kama jana."

"Tazama vizuri, wewe."

"Nimetazama. Iko vilevile. Tuende tukule."

Alhamisi mimi tatu, yeye saba. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira, maana namba zetu zingefika kwa Marcelina zikipigana kama majogoo. Ijumaa Bukuru alitazama juu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu akafunua kopo. Nne.

"Leo imechoka," alisema.

"Umechelewa siku mbili," nikamwambia, na nikabeba kiti chake kwa furaha.

Ndani, shemeji yangu Scovia alitupakulia bugali na ndagala, dagaa za Gitaza zilizopikwa kwa mawese. Asubuhi alikuwa amenionyesha kidumu cha mawese mapya kutoka Kigwena. Nilimega tonge, nikamega tena.

"Shemeji, asante, murakoze. Mawese ya Kigwena hayajifichi. Harufu tu inatosha."

Scovia alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. "Kidumu cha Kigwena sijakifungua. Iko pale nyuma ya mlango. Haya ni yale ya siku zote."

"Yale uliyosema Jumapili yananuka sabuni," Bukuru alinikumbusha, akacheka mpaka kiti kikalia.

Nami nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Ulimi wangu uliambiwa Kigwena, ukaonja Kigwena. Macho yangu yaliambiwa Jumatano.

Asubuhi yake niliketi mezani kwa Bukuru na karatasi. Marcelina alikuwa Bujumbura akijiandaa kupanda ndege, na gari la Mansuri, dereva wa kwenda huko, lilikuwa linapakia abiria barabarani. Kwa namba zangu, vitabu vilikuwa sahihi, nami nilikuwa mtazamaji hodari. Ningeweza kuandika kwamba macho ya ndugu yangu ni mabovu. Nani angenibishia? Aliyekuwa na kalamu ni mimi.

Niliandika namba zote za jioni zote, zake na zangu, kama zilivyotoka kwenye makopo. Chini yake nikaongeza: "Mimi niliijua siku. Ndugu yangu hakuijua. Katika hesabu yako mfuate yeye. Zangu za kuanzia Jumatano ziache."

Bukuru alikuja akiwa bado anafunga mkanda. "Umeandika nini?"

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila utani, jambo ambalo si la kawaida.

"Kwa hiyo ilianza kujificha Ijumaa. Hiyo iko na maana gani?"

"Kama watu wa nchi nyingine nao wameona hivyo, maana yake lile jitu zito si nene kama vitabu vinavyosema."

Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Scovia, njoo usikie. Mara ngapi nimewaambia?"

"Wamesema nyota," Scovia alijibu kutoka jikoni.

"Na jina langu je?" Bukuru akaniuliza.

"Nimelitanguliza. Umezoea kutangulia."

Alivuta kiti, akaweka sahihi yake polepole, herufi moja moja, nami nikaweka yangu chini ya yake. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi Scovia akatuletea tonge dogo la bugali ya jana. Bukuru akalipaka kwenye ukingo, mimi nikabana kwa kiganja mpaka ikashika.

Mansuri alikuwa amewasha injini tayari. "Wazee, amahoro. Ndani mumeweka nini, mbona bahasha inanata?"

"Iko unene wa nyota," alisema Bukuru.

Mansuri aliiweka juu ya dashibodi, akaondoka.