Rivasi Ilikufa Lini

Watu huniita Mama Giaboksi, na jina lenyewe sikulichagua. Nimefungua giaboksi za otomatiki tangu wanangu hawajaota meno, na mdomo wangu wateja wanaujua. Ukiniletea gari umelitesa, nakupa vidonge vyako papo hapo, uwe mkubwa uwe mdogo. Kwa hiyo yule mzee mshonaji alipolileta gari lake la zamani likivutwa kwa kamba, rangi imepauka, bampa limefungwa kwa waya, nilikuwa nimeshaviandaa vyake. Nikamuuliza analitaka lini. Akasema hataki litengenezwe.

"Nataka kujua rivasi ilikufa lini," akasema. "Basi."

Nikacheka. Sijawahi kuona mteja anaulizia siku ya kifo cha gia ya kurudi nyuma. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha gari bovu ninachowawekea wateja, akanieleza, na kicheko chote kikaniishia.

Mkewe alikuwa mwoka mikate. Ndiye aliyeliendesha gari, akisambaza mikate madukani. Mzee mwenyewe siku hizi haendeshi, macho yamechoka kwa kutunga uzi kwenye sindano. Gari lilikuwa linalala nje barabarani, maana mke alisema ni rahisi kupakia. Siku moja mtoto wao wa kiume, mtu mzima na kazi yake, alikuwa ameliazima. Akalirudisha asubuhi, akaona si vizuri likae nje wezi walifanyie kazi, akaliingiza uani pua ikitazama ukuta. Ua wenyewe unateremka kuelekea huko ukutani. Mchana mama akaanguka jikoni, pumzi zinamkata. Mzee akambeba, akamlaza kiti cha nyuma, akaweka rivasi. Injini ikanguruma, gari halikusogea hata kidogo. Akajaribu tena na tena mpaka majirani wakaja kulisukuma hadi barabarani. Hospitali wakamwambia angefika mapema kidogo tu wangemuwahi.

Mazikoni mzee akamnyooshea mwanawe kidole mbele ya watu, akasema amemuua mama yake kwa kuendesha gari kwa fujo. Kijana hakukanyaga kwao tena. Alichofanya ni kumtumia baba yake ujumbe: apeleke gari kwa fundi, na fundi akisema rivasi ilivunjika mkononi mwake yeye mwana, atakuja kupiga magoti na kuomba radhi. Jumamosi wangekutana kwangu wote wawili wasikie. Jamani, mimi kazi yangu ni giaboksi. Nani aliniambia niamue kesi ya mtu na mwanawe?

Nikaanza na vitu vyepesi. Mara nyingine waya wa gia hulegea, wewe unaweka rivasi huko juu, kumbe giaboksi haina habari. Waya ulikuwa mzima. Nikawasha, nikakanyaga breki, nikaweka gia ya mbele, gari likashika na kushtuka kidogo. Nikaweka rivasi, kimya. Nikakanyaga mafuta, kimya vilevile. Nikachomoa stiki ya kupimia oili. Oili ya giaboksi yenye afya ni nyekundu, lakini ile ilikuwa nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahaulika motoni. Na kilichonisumbua zaidi ni kwamba ilikuwa imejaa. Huko chini sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa inavuja siku nyingi, tope la oili limegandamana kila mahali. Giaboksi inayovuja vile haikutwi imejaa, labda awepo mtu anayeiongeza.

Nikaishusha, nikaifungua. Kwenye karai la chini sumaku ilikuwa imeota manyoya ya chuma. Pleti za klachi za rivasi zilikuwa zimelika zote, imebaki bati tupu, laini. Mpira wa pistoni ulikuwa umekauka, ukiuminya unakatika. Sasa, gari likipigwa rivasi kwa fujo huku bado linakwenda mbele, kitu huvunjika. Utakuta vipande, utakuta ufa, utakuta jino limeng'oka. Pale hapakuwa na kipande hata kimoja. Ule ulikuwa ulikaji wa pole pole, wa miezi na miezi. Kijana wa watu hakuvunja kitu. Alikwenda na kurudi njia iliyonyooka, akaingiza gari uani, hakupata haja ya kurudi nyuma hata mara moja, angejuaje?

Nilifurahi, msinione mjinga, niliimba kabisa. Nikafungua buti nitupie humo boliti za giaboksi zilizobaki. Chini ya tairi la akiba nikakuta chupa tupu za oili, zimefungwa vizuri ndani ya mifuko ya unga wa ngano, pamoja na faneli. Ile faneli ilikuwa na unga umegandia pembeni, alama za vidole zinaonekana kabisa. Nikaacha kuimba. Mama wa watu alikuwa anajua. Alikuwa anaiongeza oili mwenyewe, ametoka kukanda, hajanawa hata mikono. Na gari alikuwa analilaza nje kwa sababu akiliingiza uani hatalitoa.

Jumamosi mzee alitangulia kufika. Mimi sijui kuzungusha maneno, ila siku ile niliyazungusha mpaka akanikatiza mwenyewe. Nikamwonyesha pleti. Kisha, nikiomba Mungu anisamehe, nikamwonyesha faneli. Akaishika, akaupitishia ule unga kidole gumba taratibu, akaacha ghafla alipoona unadondoka. Nikamuuliza kwa nini mkewe afiche jambo kama hilo. Akasema alikuwa amemwambia mkewe si mara moja: gari hili likiharibika tena naliuza chuma chakavu, na hiyo mikate yako iishe, ukae nyumbani. Aliyasema kwa hasira, akasema, mambo ya mume na mke. Lakini aliyasema, na mke aliyasikia.

"Alinificha kwa sababu aliniogopa," akasema. "Akija kijana, mwambie nilijua mimi."

Nikamjia juu. Nikamwambia hapa kwangu hakuna giaboksi inayosingiziwa, sembuse mtu, na kama anataka uongo aende kwa mafundi wa kule barabarani watamkatia apendavyo. Hakubishana nami. Alisema mwanawe akisikia mama alijua, atamlaumu mtu aliye chini ya udongo, asiyeweza kujitetea. "Mimi nipo," akasema. "Anilaumu mimi."

Kijana aliingia amevaa shati la kazi, amekonda. Alinisalimia mimi, baba yake hakumsalimia. Sikumweka sana. Nilimwonyesha zile pleti, nikamwambia hakuivunja yeye, ilikuwa inakufa siku nyingi. Akafumba macho. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, na mabega yakamtetemeka, nikajua analia. Nikadhani yamekwisha. Kisha akafungua macho.

"Mama alijua?"

Mzee aliniwahi. "Nilijua mimi. Mama yako aliniomba nilipeleke kwa fundi, nikapuuza."

Kijana hakumtazama. Alinitazama mimi. "Fundi, ni kweli?"

Roho iliniuma, wacha niseme ukweli. Faneli nilikuwa nimeifunika kwa tambara hapo hapo mezani, ningenyoosha mkono tu. Nikamtazama mzee, na mzee alikuwa ananiomba kwa macho, mtu wa umri ule.

"Ni kweli," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulijua, na bado ukanisimamisha mbele ya kaburi la mama." Akatoka. Nilitaka kumkimbilia, mzee akanishika mkono wa ovaroli na hakuniachia mpaka kijana alipopotea kwenye kona.

Nikamgombeza, sikuweza kujizuia. Nikamwambia mke ameshamzika, na sasa mtoto amemfukuza kwa mkono wake mwenyewe, amebaki na nini? Akasema kijana atalala usingizi sasa, hana damu ya mama yake mikononi. Alisema hivyo akitazama gari, si mimi. Baada ya muda akaniuliza swali la kitoto kabisa.

"Gari lisilo na rivasi, mtu analigeuzaje?"

Nikamwambia haligeuzi. Akipitiliza duka hawezi kurudi, lazima aende mbele, azunguke mtaa mzima mpaka afike pale pale. Akikuta njia imezibwa, anasubiri izibuliwe. Kazi ya saa moja inakuwa ya nusu siku.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, muda mrefu.

"Alikuwa anachelewa kurudi," akasema. "Kila siku anachelewa. Nami namsubiri mlangoni, namuuliza ana mwanamume gani huko nje. Anacheka, ananiambia ni foleni tu."

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa pembeni yake.